Namna ya kuangalia na kurekodi nyangumi na pomboo pwani ya Dar, mwongozo kwa wanaojitolea

Wadau wa bahari, kila msimu wa kusi vidio zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nyangumi anaruka, watu kwenye boti wanashangilia, ukiuliza hii ni wapi na lini hakuna anayejua, mmoja anasema Kimbiji, mwingine Mafia, wa tatu anakwambia hiyo ni ya mwaka juzi. Vidio kama hiyo inafurahisha macho lakini mtafiti hana cha kuifanyia. Wakati huohuo kuna mtu kakaa ufukweni masaa mawili hakuona kitu akarudi nyumbani akiamini kapoteza muda, kumbe angeandika tu alianza saa ngapi, akamaliza saa ngapi, bahari ilikuwaje, na neno "sijaona", angekuwa katoa taarifa nzito kuliko ile vidio. Ukiwa na masaa mengi ya watu wengi, yenye kuona na yasiyo na kuona, ndo unaweza kusema mwaka huu wamekuja wengi au wachache. Bila masaa matupu huwezi kulinganisha chochote.

Nchi za baridi wenzetu wanajitolea kuhesabu sili waliolala juu ya miamba, mnyama katulia unamhesabu taratibu. Sisi sili hatuna. Wa kwetu wanatokeza sekunde chache wanazama, kwa hiyo utaratibu ndo kila kitu na hauhitaji shahada wala hela nyingi, nauli ya daladala na uvumilivu vinatosha kuanzia.

Kwanza, mjue unayemtafuta

Nyangumi wanaoonekana zaidi kwetu ni wale wenye nundu, mkubwa anafika mita 12 hadi 15 na uzito wa tani 30 hivi, na mapezi yake ya pembeni ni marefu ajabu, karibu theluthi ya urefu wa mwili. Wanakula huko kusini kwenye bahari za Antaktika halafu wanapanda kuja kwenye maji yetu ya joto kujamiiana na kuzaa, kuanzia Msumbiji kupanda Tanzania mpaka Kenya. Kwetu miezi ya kuwategemea ni Julai mpaka Oktoba, Novemba mwanzoni bado unaweza kupata mama na mtoto wanaorudi taratibu. Mtoto anazaliwa na mita 4 hivi, na mama muda wote akiwa huku hali karibu chochote, ananyonyesha kwa mafuta aliyobeba mwilini tangu kusini. Hili liweke kichwani kwa sababu ndo sababu ya karibu kila sheria utakayoikuta huku chini, mama ukimkimbiza na boti anachoma akiba ambayo hana pa kuijaza mpaka arudi Antaktika.

Hawa waliwindwa sana. Kusini mwa dunia kuwawinda kibiashara kulipigwa marufuku 1963, na 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ya nyangumi. Wameongezeka tangu hapo, na ndo maana mzee wa miaka sabini pale Kunduchi anaweza kukwambia zamani hakuwa akiwaona kama sasa hivi. Maneno ya mzee kama huyo yaandike, ni taarifa.

Pomboo wapo mwaka mzima. Wa kwanza ni yule wa pua ya chupa wa Bahari ya Hindi, wa kijivu, mita 2 na nusu hivi, pezi la mgongoni limepinda kwa nyuma, huyu yupo karibu na pwani na visiwa. Wa pili ni mwembamba mwenye pua ndefu, anaruka na kujizungusha hewani kama pia, huwa kwenye makundi makubwa na anapenda maji ya kina. Wa tatu ndo wa kumuangalia kwa jicho la huruma, pomboo mwenye nundu, ana kama kigongo mgongoni na pezi dogo limekaa juu ya hicho kigongo, anaishi maji mafupi sana karibu na fukwe na midomo ya mito, palepale tunapotega nyavu na kujenga, na kidunia yupo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Ukimuona huyu hata mmoja, rekodi kila kitu unachoweza.

Kuna na nguva. Kama uko maeneo ya Rufiji, Mafia au Kilwa ndo una nafasi japo ndogo sana, hana pezi la mgongoni kabisa, anatoa pua tu anavuta hewa anazama. Dar kumuona itakuwa habari kubwa.

Wanaochanganya watu: papa potwe, yeye ni samaki, mkia wake umesimama wima na unacheza kulia na kushoto, wakati wa nyangumi na pomboo umelala na unacheza juu na chini. Taa akiruka. Jodari wakirukaruka. Boya la nyavu, gogo, kichwa cha kasa. Na kinachodanganya kuliko vyote ni wimbi linalopiga mwamba, linarusha maji juu unasema huyo nyangumi huyo. Dawa yake ni kusubiri, wimbi la mwamba litarudia palepale, mpumuo wa nyangumi, yani ule mvuke anaorusha juu akitoa pumzi, unapeperushwa na upepo na unaofuata unatokea mbele kidogo.

Kuchagua pa kukaa

Urefu wa pale ulipo una maana kuliko darubini. Ukisimama mchangani macho yako yako kama mita 2 juu ya maji, upeo wako ni kilomita 5 tu. Ukipanda jabali au ghorofa la mita 10 unafika kilomita 11 na kidogo. Yani umepata bahari zaidi ya mara mbili kwa kupanda ngazi.

Kwa nyangumi mimi ningesema Kigamboni ya kusini, Kimbiji mpaka Ras Kutani, kwa sababu pale mbele yako hakuna Unguja wala Mafia, ni bahari kuu wazi. Upande wa kaskazini, Msasani, Mbezi mpaka Kunduchi, una visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, hapo ni pazuri zaidi kwa pomboo. Hivyo visiwa pamoja na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, ukitaka kwenda kukaa kisiwani kuna kiingilio unalipa kwa Hifadhi za Bahari, waambie na unachokuja kufanya, walinzi wanaona mengi na wakikuzoea watakuwa wanakupa taarifa wenyewe.

Abiria wa boti za Zanzibar nao wanaweza kufanya hii kazi. Kaa ubavu usiopigwa na jua, washa GPS ya simu, andika muda wa kuondoka na kufika.

Kabla ya kuanza kukaa mahali siku baada ya siku na darubini shingoni, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa BMU ya pale, ile kamati ya wanajamii ya kusimamia uvuvi, jitambulishe, eleza. Mtu mgeni anayeangalia bahari na darubini na kuandika kwenye daftari anatia watu wasiwasi na wana haki ya kuwa nao. Usielekeze kamera bandarini, wala kwenye maeneo ya jeshi, na Kigamboni yapo. Droni ina vibali vyake kuanzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe kienyeji, na hata ukiwa na kibali usiishushe juu ya mama na mtoto.

Muda gani

Hapa kuna mtego ambao miongozo ya nje haikwambii. Pwani yetu inaangalia mashariki. Asubuhi bahari imetulia lakini jua liko usoni, maji yanang'aa huoni kitu, jioni jua liko mgongoni unaona vizuri lakini upepo umeshaamka bahari imejaa povu. Ukichagua kimojawapo bila kufikiri unaumia.

Suluhisho lipo angani. Julai na Agosti jua linachomoza likiwa limeegemea kaskazini, kwa hiyo ukikaa ukaangalia kusini mashariki, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, unapata bahari tulivu na mng'ao uko pembeni kushoto kwako. Ndo sababu nyingine ya kuipenda Kimbiji. Ikifika Oktoba jua limeshahama, hapo bora uanze mapema zaidi au usubiri siku za mawingu, siku ya mawingu mepesi bila upepo ni zawadi. Miwani ya jua ya polaroidi inasaidia sana, ya kweli lakini, sio zile za Kariakoo zilizobandikwa stika.

Kipindi cha matlai, kusi likiwa limekwisha na kaskazi haijashika, bahari inalala kabisa, hapo pomboo unawaona hata mbali.

Vifaa

Darubini ya 7x50 au 8x42 inatosha, namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya kukuza sana mkono unatetemeka huoni kitu. Simu yenye dira na GPS. Daftari gumu na penseli, sio peni, karatasi ikiloa wino unaondoka na kazi yako yote. Saa. Kofia, maji, pawabanki. Kamera yenye lenzi ndefu kama ipo kwenye grupu ni vizuri ila isiwe sababu ya kutoanza.

Watu watatu ndo timu nzuri, wawili wanaangalia, mmoja anaandika, mnabadilishana kila nusu saa maana macho yanachoka na mtu aliyechoka anaona anachotaka kuona. Ukiwa peke yako inawezekana, ila fukwe zingine zimejitenga, nenda na mwenzio, na simu usiining'inize mkononi muda wote.

Kukaa na kuangalia

Kabla hujatazama maji andika kichwa cha karatasi. Tarehe, mahali pamoja na namba za GPS, majina ya waangalizi, muda wa kuanza, hali ya bahari, mawingu, mng'ao umechukua upande gani.

Muda uandikwe kwa mtindo wa masaa 24. Hili nalisisitiza kuliko yote. Sisi tunasema saa nne tukimaanisha 10:00, simu inasema 10:00, mwingine akiona 4:00 anadhani ni alasiri, mwingine anadhani ni alfajiri, halafu karatasi zikikusanywa unakuta nyangumi kaonekana usiku wa manane. Ongea Kiswahili chako chote kwa mwenzio hapo ufukweni ila kwenye karatasi weka 07:10, 16:25, basi.

Hali ya bahari ipe namba. Sifuri ni kioo. Moja kuna vikunjo tu. Mbili ni vijiwimbi bila povu. Tatu povu jeupe hapa na pale. Nne povu jeupe limejaa. Kwa pomboo ikifika tatu mategemeo yako yashuke, ikifika nne funga kazi hata kama hamu bado ipo, kwa sababu hapo "sijaona" yako haimaanishi tena kwamba hawapo, inamaanisha huwezi kuona. Kwa nyangumi unaweza kuvumilia tatu vizuri. Hali ikibadilika katikati andika muda ilipobadilika.

Gawaneni bahari, mmoja kushoto mpaka katikati, mwingine katikati mpaka kulia. Dakika kumi macho matupu, dakika tano darubini, tena kumi, tena tano. Darubini inakupa mbali lakini inakufunga kwenye tundu dogo, wengi wanaoanza wanaing'ang'ania mwanzo mwisho na pomboo wanapita chini ya pua zao. Peleka macho polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine ukifuata mstari wa upeo, kisha rudi kwa mstari wa karibu zaidi. Ndege wakijikusanya mahali na kupiga mbizi, kaza macho hapo, chini kuna samaki na penye samaki mara nyingi pomboo wapo, hii nahodha yeyote wa jodari atakuthibitishia.

Ukiona mpumuo usipige kelele ukarusha darubini. Weka macho palepale, mwambie mwandishi "naona", aandike dakika hiyohiyo, halafu subiri. Nyangumi mwenye nundu huvuta hewa mara kadhaa akiwa juu halafu anazama, mara nyingi dakika tano mpaka kumi na tano, anaweza kwenda zaidi ya hapo. Mama na mtoto wanakaa juu zaidi kwa sababu mtoto hana pumzi ya kushindana. Kwa hiyo ukiona mpumuo mkubwa na mdogo pembeni yake vinapokezana, umeshajua wako wawili kabla hujaona mwili.

Kuandika ulichokiona

Muda. Uelekeo kwa dira, na hapo usisimame karibu na bodaboda au nguzo ya chuma, dira ya simu inaharibika. Umbali. Aina, na uhakika wako, weka tu "hakika", "huenda" au "sijui". Naomba watu waipende hiyo "sijui". "Pomboo, aina sijui" ni rekodi safi, lakini jina la kubahatisha linaharibu kazi ya wote na hakuna atakayeweza kuligundua baadaye.

Umbali ndo unaowapa watu shida. Baharini hakuna cha kupimia, kila mtu anakadiria karibu kuliko ilivyo au mbali kuliko ilivyo. Fanya hivi, siku ya kwanza fungua ramani kwenye simu upime toka pale ulipo hadi vitu vinavyojulikana, kisiwa, mwamba, mnara, meli zilizotia nanga zikisubiri kuingia bandarini, ziandike kwenye kadi, halafu kila ukikadiria linganisha na hivyo. Na kila kikao anzeni kwa kujipima, chagueni ngalawa moja kila mtu aandike umbali kimyakimya kisha mlinganishe, mtashangaa mwanzoni, baada ya muda mnakaribiana.

Idadi andika namba tatu, ya chini kabisa ambayo una uhakika, unayoiamini, na ya juu inayowezekana. Ya chini ni wale uliowaona juu ya maji kwa wakati mmoja, ukiona mapezi matano kwa pamoja basi si chini ya watano hata kama wengine wanasema ishirini. Kundi la pomboo lihesabu mara tatu. Watoto andika peke yao, mtoto ni yule anayeogelea amegandana na mkubwa na urefu wake ni nusu ya mkubwa au pungufu.

Wanafanya nini? Wanasafiri, wanakula, wamepumzika, wanacheza. Kwa nyangumi andika kuruka, kupiga mkia, kupiga pezi. Wanaelekea wapi, kusini, kaskazini, wanazunguka. Kulikuwa na boti ngapi karibu na zilifanya nini. Kama unaona nyavu zimetegwa eneo hilo, andika, hasa jarife, ile nyavu ya matundu makubwa, kwa sababu pomboo wengi wa ukanda huu wanafia humo bila mtu kukusudia.

Na ukisikia mlipuko wa baruti andika muda na upande, usiende huko, usirekodi sura za watu, peleka kwa BMU au mamlaka. Utafiti wa sauti wa mwaka 2015 pwani nzima ya Tanzania ulinasa milipuko zaidi ya 300 na zaidi ya nusu ilikuwa jirani na Dar. Mnyama anayeishi kwa kusikia ndani ya maji, hilo halihitaji maelezo.

Picha

Kwa pomboo lenga pezi la mgongoni, ubavu wote, ukiwa sambamba naye. Kingo za pezi zina mikato na makovu ambayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Kwa nyangumi lenga chini ya mkia anapouinua kuzama, michoro ya nyeusi na nyeupe pale ni ya kwake peke yake. Picha isiyopendeza ila inaonyesha pezi vizuri ni bora kuliko ile ya machweo mazuri.

Kazi yake ni hii. Kwenye Ghuba ya Menai kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, watafiti walipiga picha mapezi miaka kadhaa, kuanzia 1999 hadi 2002, wakalinganisha moja baada ya nyingine, wakapata kwamba pomboo wa pua ya chupa wa pale ni kati ya 136 na 179 hivi. Sio maelfu. Mtalii anayewaona kila siku anadhani bahari imejaa, kumbe ni walewale. Bila picha usingejua. Za mikia ya nyangumi unaweza kuzipeleka Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, zinalinganishwa na za dunia nzima, na mkia uliopigwa Kimbiji ukiwahi kupigwa Antaktika utaambiwa.

Saa ya simu na ya kamera ziwe sawa kabla hamjaanza. Piga na picha ya karatasi yenu mwanzo wa kikao, hivo picha zote zinazofuata zinajulikana ni za siku gani.

Ukiwa kwenye boti

Kaa mita 100 kutoka kwa nyangumi, akiwa na mtoto mita 300, pomboo mita 50, ndo viwango vinavyotumika sehemu nyingi duniani. Ingia kwa ubavu na nyuma kidogo, usimkatie mbele, usipite kati ya mama na mtoto, usizime na kuwasha injini ovyo, mwendo uwe wa kutembea. Boti zikiwa zimeshafika mbili wewe subiri au ondoka. Dakika ishirini zinatosha. Usiruke majini. Kizimkazi boti zilizozidi na watu kurukia juu ya wanyama vimekuwa tatizo la miaka mingi na hatutaki kulileta Mbudya.

Nahodha muongee naye kabla hamjaondoka, sio mkiwa tayari mnamfukuza nyangumi. Yeye anadhani kukufikisha karibu ndo kukuhudumia, na abiria wakimpa bakshishi kwa kuwafikisha karibu atafanya hivohivo siku zote. Mwambie, "Kaka, leo tunataka kukaa mbali, ukituweka mbali vizuri tutashukuru zaidi," na mshukuru kweli.

Kuongea na wavuvi

Hii watu wanaipita haraka na mimi naona ndo nusu ya kazi. Mvuvi anakaa baharini usiku na mchana, wewe unakaa masaa mawili. Nenda soko la samaki la Feri, Kunduchi, Msasani, Kimbiji, lakini nenda wakati wana nafasi, sio samaki wanashushwa na mnada unaendelea. Jioni wanaposhona nyavu ndo muda wake. Salimia kwanza, shikamoo kwa wakubwa, kaa chini, sema unatoka wapi na kwa nini unauliza.

Usianze na "mmewahi kunasa pomboo?" Hapo umefunga mlango, atadhani umetumwa. Anza na bahari, upepo, samaki wa msimu huu. Halafu toa picha zisizo na majina, muulize huyu hapa kwenu mnamwita nani, unamuona wapi, miezi gani, mara ya mwisho lini. Jina la pale andika kama alivyolitamka. Usimtajie jibu, ukisema "si wanakuja Agosti eh?" atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Weka na picha ya mnyama ambaye hayupo Tanzania kabisa, hata huyo sili, akikwambia anamuona kila siku basi ujue anakufurahisha wewe, mshukuru, endelea na maongezi, ila karatasini weka alama.

Akikusimulia amenasa pomboo kwenye jarife usimlaumu. Kapoteza nyavu, kapoteza usiku. Muulize ilikuwa kina gani, saa ngapi, alikuwa hai au kafa, na jina lake usiliandike popote.

Akikwama au akifa ufukweni

Namba ya afisa uvuvi wa wilaya na ya BMU ziwe kwenye simu yako kabla, sio siku ya tukio. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako Kunduchi, na shirika kama Sea Sense hapa Dar lina uzoefu wa wanyama wa baharini, wapate mapema.

Akiwa hai, piga simu kwanza. Watu warudi nyuma, kelele zipungue, tafuta mtu mzima mmoja anayeheshimika pale awe ndo anazuia watu, wewe kijana na fulana ya kujitolea hawatakusikiliza. Mnyama akae kwa tumbo, chimba mchanga chini ya mapezi ya pembeni yasikunjike. Mfunike kanga au mashuka yaliyoloa, endelea kumwagia maji, mtengenezee kivuli. Tundu la pumzi liko juu ya kichwa, lisifunikwe wala lisiingiwe na maji au mchanga, hilo ni pua. Usimvute mkia wala mapezi, yanateguka. Nyangumi mkubwa usikae upande wa mkia kabisa, anaua bila kukusudia.

Akiwa amekufa, usimguse mikono mitupu, anaweza kuwa na magonjwa, na nyama yake isigawanywe, kisheria analindwa na hujui kafa na nini. Piga picha mwili mzima pande zote, kichwa, meno, pezi, tumbo, alama za kamba au nyavu, weka kitu cha kulinganishia urefu. Pima kutoka ncha ya mdomo mpaka kwenye mkato katikati ya mkia, kamba ikiwa imenyooka, usifuate mwili ulivyopinda. Mwishoni mwa Aprili 2006 Nungwi, kaskazini mwa Unguja, waliamka na kukuta pomboo kama 400 wamekufa kwa mkupuo mmoja. Kwa tukio kama hilo masaa ya kwanza ndo yana majibu, na anayekuwepo masaa ya kwanza ni mkazi wa pale.

Kufunga kikao na kutuma

Andika muda wa kumaliza. Kama hakuna kilichoonekana andika SIJAONA kwa herufi kubwa, usiache wazi, nafasi wazi hakuna anayejua kama hukuona au ulisahau. Jazeni mapengo mkiwa bado palepale, ukisema utajaza kwenye daladala utajaza kwa kumbukumbu na kumbukumbu inaongeza pomboo.

Karatasi ipige picha siku hiyohiyo, kabla hujafika nyumbani kama bando lipo. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mahali, kisha namba ya kikao. Mmoja kwenye grupu awe mpokeaji, anaingiza kwenye jedwali na wa pili anapitia, kila mwezi jedwali linatumwa kwa watafiti mliokubaliana nao. Picha ukizituma WhatsApp kwa kawaida zinabanwa na taarifa za GPS zinapotea, tuma kama dokumenti. Rekodi za mama na mtoto na za pomboo mwenye nundu msiposti lokesheni yake siku hiyohiyo, subirini wiki kadhaa, vinginevyo kesho yake boti zote za watalii za Slipway, kule Msasani, ziko pale. Na karatasi za penseli msizitupe hata baada ya kutuma, zifungwe kwenye faili moja zikae kwa mtu asiyehamahama, kwa sababu siku mtafiti akikuta namba inayotia shaka atakachoomba kuona ni karatasi.